Mduara wa Ndani na Mduara wa Nje: Historia ya Samaki na Mboga Katika Maji Mamoja

Katika miaka ya karibuni nimesoma maandiko mengi ya miradi kutoka kwa wahitimu wetu na vikundi vya vijana wanaoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Neno moja limeanza kujirudia ndani yake: akwaponiki. Ni ufugaji wa samaki na ukuzaji wa mboga katika maji yaleyale, yanayozunguka kati ya tangi la samaki na kitanda cha mimea. Samaki huchafua maji, bakteria huugeuza uchafu kuwa mbolea, mimea huinyonya mbolea hiyo, na maji humrudia samaki yakiwa safi. Karibu kila andiko huuita utaratibu huu “teknolojia mpya”, na mengi huambatanisha ankara kifani ya mtambo kamili unaoagizwa kutoka nje ya nchi.

Ninao mtambo mdogo wa aina hiyo nyuma ya nyumba yangu, kwa hiyo siandiki kama mpinzani wake. Naandika kwa sababu neno “mpya” lina gharama. Kitu kikishaitwa kipya, hakuna anayeuliza kilijaribiwa wapi, kilikufa kwa nini, na nani alibaki na deni. Mtumishi wa halmashauri anayepitisha mkopo na kijana anayeusaini wanastahili kuijua historia hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Hoja yangu ni hii. Mduara wa ndani, ule wa samaki, bakteria na mmea, umefanya kazi kwa karne nyingi katika mabara tofauti, wala hauna fumbo kubwa. Kinachoamua uhai wa mtambo ni mduara wa nje: chakula cha samaki kinatoka wapi, vifaranga vinatoka wapi, nishati ya kuyasukuma maji inatoka wapi, na nani mwenye kauli juu ya maji yenyewe. Katika mifano nitakayoieleza, mkulima aliyeushika mduara wa nje alidumu. Ulipoangukia mikononi mwa mtu mwingine, samaki na mboga vilikufa hata pale ambapo sayansi ilikuwa sahihi.

Kinachotokea ndani ya maji

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Amonia ikizidi ndani ya tangi humuua samaki mwenyewe. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huipenda.

Ujuzi huu ulithibitishwa maabara katika karne ya 19, na ulianzia kwenye maji taka. Mwaka 1877, nchini Ufaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz walipitisha maji taka katika bomba lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa takribani siku 20 hakuna kilichobadilika. Kisha amonia ikaanza kugeuka nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama. Wakahitimisha kwamba mgeuzaji alikuwa kiumbe hai. Miaka 13 baadaye, mwaka 1890, Sergei Winogradsky, mwanasayansi kutoka Urusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alifanikiwa kuwatenga bakteria hao.

Bomba lile la mchanga ni babu wa kitanda cha kokoto kilichopo leo katika mitambo ya nyumbani. Zile siku 20 za kusubiri nazo zipo bado. Mtambo mpya huhitaji takribani wiki nne hadi sita kabla bakteria hawajatosha kuwalinda samaki wengi. Kijana anayejaza samaki wote siku ya uzinduzi ili mgeni rasmi apate picha nzuri anapambana na jambo lililothibitishwa mwaka 1877.

Waliotangulia: China na Mexico

Wakulima hawakumsubiri Winogradsky. Nchini China, katika makaburi ya zama za utawala wa Han, takribani miaka 2,000 iliyopita, vimepatikana vinyago vya udongo vinavyoonyesha mashamba ya mpunga yenye samaki ndani yake. Katika wilaya ya Qingtian, mkoani Zhejiang, ufugaji wa samaki katika majaruba ya mpunga umeendelea kwa zaidi ya miaka 1,200, na mwaka 2005 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliuingiza katika orodha ya urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Samaki hula magugu na wadudu, hutifua tope na kurutubisha mpunga. Mpunga humpa kivuli. Chakula chake kinatoka shambani humohumo, na maji hushuka kutoka mlimani kwa uzito wake yenyewe. Mduara wa nje, kwa sehemu kubwa, umo ndani ya kijiji.

Tishio kwa kilimo cha namna hii barani Asia lilikuja kwa mlango mwingine. Miaka ya 1960 na 1970 mbegu mpya za mpunga ziliingia zikiwa zimefuatana na dawa za kuua wadudu. Dawa hizo ziliwaua na samaki. Mkulima aliyekuwa akivuna vitu viwili katika jaruba moja akabaki na kimoja, na mbolea akaanza kuinunua.

Mexico inatupa mfano wa pili. Katika bonde la Mexico, Waazteki na majirani zao walilima juu ya chinampa, yaani vipande vya ardhi vilivyojengwa ndani ya ziwa kwa tope na majani, na kushikiliwa kingoni na miti. Wengi huziita “bustani zinazoelea”, ingawa hazikuelea. Zilikuwa zimesimama imara juu ya kitako cha ziwa. Wakulima walichota tope la mifereji, lenye mabaki ya mimea na kinyesi cha samaki na viumbe wengine wa majini, wakalitandaza juu ya vitalu na kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa maana kali ya kitaalamu hii si akwaponiki, kwa sababu samaki hawakufugwa katika tangi. Hata hivyo kanuni ni ileile: rutuba ya majini hupanda kwa mmea na maji hubaki hai.

Chinampa zililisha Tenochtitlan, mji ulioangushwa na Wahispania mwaka 1521. Kuanzia mwaka 1607 watawala wapya walichimba mfereji wa kuyatoa maji ya bonde ili kuulinda mji na mafuriko, na kwa karne zilizofuata maziwa yakasinyaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 chemchemi za Xochimilco, ngome ya mwisho ya chinampa, zilifungwa katika mabomba ili kulinywesha jiji la Mexico. Baadaye mifereji ya wakulima ikajazwa maji taka yaliyosafishwa. Mwaka 1987 Xochimilco iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Msomaji aone mfuatano huo: maji yalichukuliwa kwanza, heshima ikaja baadaye. Hakuna mkulima wa Xochimilco aliyeisahau kazi yake. Alichopoteza ni kauli juu ya maji.

Mtambo unahamia uani

Akwaponiki ya matangi na mabomba ilizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 20, na wazazi wake walikuwa watu wenye mashaka na mfumo wa chakula wa nchi zao. Mwaka 1969 John Todd, Nancy Jack Todd na William McLarney walianzisha New Alchemy Institute nchini Marekani. Huko Cape Cod, Massachusetts, walifuga sato katika matangi yanayopitisha mwanga wa jua, ndani ya majengo yaliyohifadhi joto, na kumwagilia mboga kwa maji yake. Lengo lao lilikuwa kaya kujilisha bila kutegemea mafuta ya petroli na viwanda. Taasisi hiyo ilifungwa mwaka 1991, lakini maandishi yake yalikwisha kusambaa.

Katika miaka ya 1980 kazi iligawanyika njia mbili. James Rakocy, wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, alitumia takribani miaka 30 katika kisiwa cha St. Croix, penye uhaba wa maji baridi, akiunda mfumo wa mimea inayoelea juu ya maboya mepesi. Yeye ndiye aliyeweka hesabu: kiasi gani cha chakula cha samaki kinalisha mita ngapi za mraba za mboga. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Mark McMurtry na wenzake walichagua njia nyepesi zaidi, wakipitisha maji ya samaki katika vitanda vya mchanga vilivyokuwa kichujio na shamba kwa wakati mmoja.

Miaka ya 1990 Tom na Paula Speraneo, wakulima wa Missouri, waliuchukua mfumo wa McMurtry, wakabadili mchanga kwa kokoto, na kuueneza kwa watu wa kawaida. Kisha ukaja ukame mrefu wa Australia, ulioendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 2000. Wenye nyumba walipopigwa marufuku kumwagilia bustani kwa mpira, wengi waligundua kwamba mtambo unaorudisha maji yake hutumia sehemu ndogo tu ya maji ya bustani ya kawaida. Hapo akwaponiki ikawa kweli jambo la uani, likijengwa kwa mapipa na matangi ya plastiki yaliyokwisha kutumika.

Hiyo ndiyo sura iliyotufikia: kitu cha fundi wa nyumbani, kilichozaliwa na uhaba. Inashangaza kwamba kimeingia katika maandiko ya miradi yetu kikiwa kimevaa suti ya bidhaa ya kiwandani.

Kwetu: mabwawa yaliyoachwa

Afrika Mashariki na Kati haikuingia katika historia hii ikiwa ukurasa mtupu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha samaki cha Sagana nchini Kenya. Mwaka 1949 majaribio ya ufugaji wa perege na jamii zake yalianza Tanganyika, huko Korogwe na Malya. Katika Kongo ya Wabelgiji, utafiti ulijikita Kipopo, karibu na Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na kampeni ya kuchimba mabwawa ikasukumwa kwa nguvu za dola. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo ilihesabiwa kuwa na zaidi ya mabwawa 100,000.

Baada ya uhuru mengi ya mabwawa hayo yaliota nyasi. Wapo waliosema Mwafrika hana utamaduni wa kufuga samaki. Maelezo yenye mashiko zaidi yako katika mduara wa nje. Mabwawa yalichimbwa kwa amri ya ofisa, na ofisa alipoondoka, amri ikaondoka naye. Yalikuwa madogo, na samaki walizaana haraka mno wakadumaa. Vifaranga vilitoka kituoni na chakula cha kutosha hakikuwepo. Mkulima alikuwa mlinzi wa bwawa la mtu mwingine katika ardhi yake mwenyewe.

Mfano wa zama zetu uko Kenya. Mwaka 2009, chini ya mpango wa kuchochea uchumi, serikali ilipanga kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, yaani mabwawa 28,000, pamoja na ruzuku ya vifaranga na chakula. Uzalishaji ulipanda kwa kasi. Ruzuku ilipokwisha na bei ya chakula ikambana mfugaji, mabwawa mengi yaliachwa. Serikali hii ilichaguliwa na wananchi na nia yake ilikuwa njema, lakini kisigino chake kilikuwa kilekile cha mkoloni: chakula na mbegu vilitoka nje ya boma la mfugaji. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Samaki wetu wanaporudi na ankara

Kuhusu mbegu kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa uchumi wa kisiasa angepaswa kukijua. Samaki anayependwa zaidi katika mitambo hii duniani, sato na jamaa zake, ni Mwafrika. Mwaka 1939 jamaa mmoja wa jamii hiyo, anayetokea kusini mashariki mwa Afrika, alionekana katika kisiwa cha Java, na kutoka hapo akasambazwa Asia. Mwaka 1988 ulianza mradi mkubwa wa kuboresha uzao wa sato nchini Ufilipino, na samaki pori walikusanywa kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Wakazalishwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, hadi akapatikana samaki anayekua kwa kasi zaidi. Mwaka 1999 kampuni ya Norway ilipata haki za kibiashara juu ya uzao huo.

Sidai kwamba kazi hiyo ilikuwa wizi. Wafugaji wadogo wa Asia walinufaika nayo sana. Nauliza swali jingine: kwa nini bara lenye samaki wa asili lilibaki kuwa ghala la mbegu, huku maabara, takwimu na hati za umiliki zikikaa kwingine? Swali lina uzito hata kwa mwenye tangi moja uani. Katika mito yetu wamo samaki ambao hawapatikani kwa asili mahali pengine, na mmojawapo jina lake la kisayansi, Oreochromis korogwe, limebeba jina la mji wa Korogwe. Samaki wa kigeni akitoroka kutoka bwawani na kuzaana nao, urithi huo hupotea. Ndiyo maana mwaka 2002 wataalamu waliokutana Nairobi walitoa azimio la tahadhari kuhusu uingizaji wa samaki walioboreshwa barani Afrika. Mwenye tangi asimwage vifaranga vya ziada mtoni. Halmashauri nayo, kabla ya kulipia vifaranga, ijue vinatoka wapi na ni vya uzao gani.

Mtambo wa nyumbani kwa macho ya historia

Sasa turudi uani. Mtambo wa kaya moja unaweza kuwa tangi la plastiki la lita 1,000 lililokatwa sehemu ya juu, na kile kipande kilichokatwa kikawa kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 30. Lazima lijulikane lilibeba nini hapo awali. Lililobeba sumu halifai hata likioshwa mara kumi. Pampu ndogo hupandisha maji kitandani, nayo hushuka kwa uzito wake hadi kwa samaki. Maji yabaki chini kidogo ya uso wa kokoto, ili mbu wasipate pa kutaga. Tangi liwekewe kivuli, kwa kuwa mwanga mkali huotesha mwani.

Kwa sisi wa pwani kokoto zina mtego wake. Mawe ya matumbawe huyeyuka polepole na kuyafanya maji yawe na ugumu wa chokaa, na mimea ikashindwa kufyonza chuma hata kikiwepo. Kipimo ni rahisi: dondoshea siki juu ya jiwe, likitoa mapovu, usilitumie. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kuingizwa, la sivyo yataua bakteria wanaofanya kazi yote.

Mwongozo wa FAO wa mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo unashauri samaki wasizidi kilo 20 kwa lita 1,000, na chakula cha gramu 40 hadi 50 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Mchicha, sukuma wiki na saladi hustawi vizuri. Nyanya na pilipili huhitaji potasiamu zaidi ya ile inayotoka kwa samaki. Kadiri miezi inavyopita, kazi ya bakteria huongeza tindikali ya maji, na hapo maganda machache ya chaza ndani ya mfuko wa wavu huirekebisha taratibu. Kazi ya kila siku haizidi nusu saa: kulisha, kuangalia kama samaki wanapanda kuhema juu ya maji, kuondoa chakula kilichobaki, kusikiliza pampu.

Huo ndio mduara wa ndani, na mtu yeyote makini anaweza kuujifunza katika msimu mmoja. Mduara wa nje ndio wenye maswali magumu.

Kwanza, umeme. Pampu ya wati 40 ikiendeshwa usiku na mchana hula takribani uniti 29 kwa mwezi. Kwa mteja wa majumbani wa kundi la matumizi madogo, ambaye kikomo chake ni uniti 75, hiyo ni zaidi ya theluthi ya fungu lake, na akivuka kikomo anaingia bei nyingine. Pampu hiyohiyo ikiwekewa saa ya kuiwasha robo saa katika kila saa, matumizi hushuka hadi uniti saba hivi. Upo pia mgao wa umeme, ambao Watanzania waliuonja mwaka 1992, 1994, 2006 na 2011. Tangi lililojaa samaki hadi pomoni linaweza kufa usiku mmoja wa giza kwa kukosa oksijeni. Kwa sababu hiyo nafuga nusu ya kiwango kinachoruhusiwa, na ndoo ya kupandishia maji kwa mkono inakaa karibu. Anayetaka usalama zaidi afuge kambale, ambaye anaweza kuvuta hewa juu ya maji.

Suala la umeme si la Dar es Salaam peke yake. Miaka ya 2010 FAO ilijenga mitambo ya aina hii juu ya mapaa ya nyumba huko Gaza, kwa kaya nyingi zilizoongozwa na wanawake, mahali ambapo ardhi ya kulima ilikuwa imebanwa na kufungwa. Familia zilipata samaki na mboga juu ya paa. Umeme wa kuyasukuma maji, hata hivyo, ulikuwa ukipatikana kwa saa chache tu kwa siku, na swichi yake haikuwa mikononi mwao. Paa linaweza kumpa mtu chakula bila kumpa mamlaka.

Pili, chakula cha samaki. Kilo moja ya sato huhitaji takribani kilo moja na nusu ya chakula kizuri. Mtambo wa kilo 20 za samaki, basi, ni mtambo wa kilo 30 za chakula cha dukani, na rutuba yote ya mboga hutoka humo. Protini ya chakula hicho mara nyingi hutoka kwenye dagaa. Tunachukua samaki ambaye mama wa kipato kidogo humnunua kwa fungu, tunamsaga, tunamlisha samaki atakayeuzwa hotelini, kisha tunauita mradi wa usalama wa chakula. Njia mbadala zipo: mashudu ya alizeti, pumba, azola inayokuzwa katika beseni kando ya tangi, na funza wanaofugwa kwa mabaki ya jikoni. Hazikuzi samaki kwa kasi ya chakula cha kiwandani, lakini haziwezi kukatwa na mtu aliye mbali.

Maswali kabla ya sahihi

Mji wetu una kumbukumbu ya kulima. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, ya mwaka 1974 na 1975, iliwataka hata wakazi wa mijini washike jembe, na mwaka 1992 kanuni za mipango miji ziliruhusu kilimo ndani ya mji kwa eneo lisilozidi ekari tatu. Tangi la samaki uani linaendeleza safari hiyo, na ningependa kuyaona mengi zaidi. Ningependa pia yawe hai baada ya miaka mitano.

Kwa hiyo nawaomba maofisa wanaopitia maandiko ya vikundi, na wanafunzi wanaoyaandika, wasiishie kwenye picha ya mtambo. Waulize: chakula kikipanda bei mara mbili, kikundi kitalisha nini? Umeme ukikatika saa 12, samaki wangapi watabaki? Vifaranga vya msimu wa pili vitatoka kwa nani? Pampu ikiungua, fundi yuko mtaani au ng’ambo? Je, kikundi kimewahi kuendesha pipa moja kwa miezi sita kabla ya kuomba fedha za mitambo kumi? Pipa moja la plastiki, kokoto na pampu ndogo hugharimu sehemu ndogo ya ankara ile inayoambatanishwa, na hufundisha mambo yaleyale.

Kwa wanaharakati nina ombi tofauti. Tunapodai haki ya chakula, tusiishie kudai pembejeo na ruzuku. Tudai vituo vya umma vya vifaranga vinavyotunza samaki wa mito yetu, utafiti wa chakula cha samaki kisichopokonya dagaa mezani kwa maskini, na bei ya umeme inayomtambua mzalishaji mdogo wa nyumbani. Hayo yanahitaji bajeti, na bajeti ni siasa.

Mkulima wa Qingtian anaendelea kufungua maji ya mlimani kuingia jarubani mwake. Mkulima wa Xochimilco anasubiri maji ambayo wengine wameyatumia kwanza. Wote wawili wanaijua kazi yao kwa ustadi unaolingana. Kijana wetu anayesaini mkataba wa mkopo wiki hii atafanana na mmojawapo, na majibu ya maswali hayo machache ndiyo yatakayoamua.